Sharubu Aliponyamaza: Kisa cha Paka Mwenyeji na Mtoto wa Paka Mgeni

Siku ya sita tangu Tone aletwe nyumbani, nilimkuta Sharubu amechuchumaa juu ya mashuka safi kwenye beseni la nguo. Mkia ulikuwa umenyooka nyuma ukitetemeka kidogo, macho ameyakodoa ukutani. Alikaa hivyo, akakaa, akakaa. Aliponyanyuka palibaki doa dogo, halifiki hata upana wa kiganja, lenye wekundu wa mbali. Akaenda kwenye beseni lake la mchanga wa kujisaidia, akachuchumaa tena, hakikutoka kitu. Akajilamba chini ya mkia kwa muda mrefu, kisha akarudi kwenye mashuka.

Sharubu ni dume aliyehasiwa, ana miaka 6 na uzito wa kilo 5 kasoro kidogo. Tangu akiwa mdogo amekuwa paka peke yake katika nyumba hii, na kwa miaka yote hiyo hajawahi kukojoa nje ya mchanga wake. Naeleza kisa chake kwa urefu kwa sababu siku tano zilizotangulia sote tulikuwa tunamsifu kwa jinsi alivyompokea mgeni. Hapakuwa na mapigano wala makucha. Tuliona utulivu, tukauita amani.

Mgeni alivyoingia

Tone alikuja Jumamosi jioni, mikononi mwa mdogo wangu wa kike. Jike la wiki 9, uzito wa gramu 800 na kitu, manyoya yamesimama kama amepakwa sabuni. Mdogo wangu alimtua katikati ya sebule, hatua mbili tu kutoka alipolala Sharubu, nasi tukakaa kuwazunguka tukisubiri kuona. Mama akasema, "Waacheni, wenyewe watazoeana." Sharubu alinyoosha shingo akanusa, akafoka mara moja, hsss, masikio ameyalaza nyuma, kisha akaruka juu ya kabati la vitabu. Hakushuka mpaka tulipozima taa.

Siku ya pili hakufoka. Siku ya tatu Tone alikuwa anakula kwenye bakuli la Sharubu, analala kwenye kiti chake cha dirishani, na anatumia beseni lake la mchanga, maana ndilo pekee lililokuwapo. Sharubu alishinda juu ya kabati, miguu ameikunja chini ya kifua, macho nusu yamefumba. Tulimpiga picha. Mdogo wangu akawatumia ndugu zetu: "Mwenye nyumba amekubali!"

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo wake ulikuwa lile doa kwenye mashuka.

Kwa daktari

Tulikwenda siku ileile, na kama kuna jambo moja tulilofanya sawasawa katika wiki ile, ni hilo. Daktari wa mifugo alimpapasa tumbo kwanza kabla ya kuuliza lolote. Alikuwa anatafuta kibofu. Angekikuta kimejaa na kuwa kigumu kama mpira, maana yake njia ya mkojo imeziba, na paka dume aliyeziba anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili: figo zinashindwa, sumu inarudi kwenye damu, potasiamu inapanda mpaka moyo unapoteza mwendo wake. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba mno, kwa hiyo ute kidogo tu au chembechembe chache zinatosha kuifunga. Mwenye paka dume anayechuchumaa tena na tena bila kutoa mkojo asisubiri kukuche. Hilo nalisema kwa msisitizo wote nilionao.

Kibofu cha Sharubu kilikuwa kidogo, kina maumivu, lakini hakijaziba. Mkojo ulipopimwa ulikuwa na damu bila vijidudu. Daktari alituambia kwamba paka wa umri wake akipata shida ya kibofu, mara nyingi vijidudu havihusiki kabisa; kibofu huvimba chenyewe, na kinachokichochea sana ni msongo. Ndipo akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Nani kahamia nyumbani kwenu?"

Alimpa dawa ya maumivu, akataka ale chakula chenye majimaji na anywe maji mengi zaidi ili mkojo uwe mwepesi. Lakini alisema wazi kwamba dawa itatuliza tu. Chanzo kilikuwa kimelala kwenye kiti cha dirishani.

Kilichokuwa pembeni ya picha

Usiku ule nilifungua video zote tulizopiga kwa simu tangu Jumamosi. Karibu zote zilikuwa za Tone: Tone anakimbiza kifuniko cha chupa, Tone anajaribu kupanda kochi na kuteleza. Sharubu alionekana pembeni tu, na huko pembeni ndiko kisa chote kilikokuwa.

Moja ni ya sekunde 40 hivi. Tone amekaa katikati ya korido inayoelekea bafuni, lilikokuwa beseni la mchanga. Hana analofanya, anajilamba mguu. Sharubu anatokea mwisho wa korido, anakuja polepole akiambaa na ukuta, halafu anasimama. Mguu mmoja wa mbele ameuinua, haujagusa sakafu. Ncha ya mkia inachezacheza. Tone anainua kichwa na kumkazia macho, kwa udadisi wa kitoto, bila kupepesa. Sharubu anabaki na mguu hewani. Niliirudia video nikihesabu: sekunde 11. Kisha anaushusha, anageuka, anarudi alikotoka. Nyuma ya simu inasikika sauti yangu ikisema, "Ona alivyo mpole."

Alikuwa anakwenda kukojoa.

Wengi hudhani hatari pekee ni mkubwa kumuumiza mdogo. Hatari hiyo ipo, na paka mwenye kilo 5 anaweza kumdhuru vibaya mwenye gramu 800. Lakini hapa mdogo ndiye aliyefunga njia, bila kujua, kwa kukaa tu. Paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu wa Afrika, mnyama anayewinda peke yake mawindo madogo yasiyogawika kwa wawili. Mnyama wa namna hiyo akijeruhiwa hana kundi la kumletea chakula, kwa hiyo hukwepa ugomvi kwa kila njia. Hukaa mbali, hupanda juu, huahirisha haja zake. Na kukaziwa macho, katika lugha ya paka, ni kutishwa. Tone hakuwa na ubaya wowote. Sharubu naye alikuwa anasoma alichoandikiwa.

Baada ya kuijua ile video niliyaona mengine. Yale macho nusu yamefumba juu ya kabati hayakuwa ya usingizi: masikio yalikuwa yanageuka kila Tone anapokwaruza sakafu. Miguu iliyokunjwa ilikuwa imekazwa, tayari kuruka. Alikuwa anakula usiku tu, sisi tumelala. Alikuwa ameacha kujisugua miguuni petu mlangoni, jambo alilolifanya kila jioni kwa miaka. Hili la mwisho liliniuma, kwa sababu niliona limekoma na nikafikiri ana wivu.

Kujisugua huko kuna kazi. Paka ana tezi za harufu mashavuni, kidevuni, kwenye paji la uso na kati ya vidole, na kwa hizo huandika nyumba nzima: pembe ya meza, mguu wa kiti, mwimo wa mlango. Paka wanaoishi vizuri pamoja hushiriki harufu moja ya kundi, na kwayo hujuana. Tone aliingia na harufu ngeni akaimwaga kila mahali kwa siku tano. Mimi nikaongeza kosa langu. Tone alipokojolea mto wa kiti cha dirishani, niliufua kwa sabuni yenye manukato na kuuanika juani. Niliona nimefanya usafi. Kwa Sharubu, nilifuta jina lake mahali alipolipenda kuliko pote.

Kosa ambalo halikuonekana

Kabla ya tabia kulikuwa na afya, na hapo tuliponea chupuchupu. Mtoto wa paka mgeni anapaswa kutengwa wiki mbili hivi hata kama mwenyeji ni mpole kuliko wote. Mafua ya paka huchukua siku chache kujitokeza. Panlukopenia, ugonjwa wa virusi unaoharibu utumbo na kumaliza chembe nyeupe za damu, unaweza kuchukua mpaka siku 14, na virusi vyake hudumu sakafuni kwa miezi mingi. Virusi vya lukemia (saratani ya damu) ya paka huenea kwa mate, yaani kwa kulambana na kushiriki bakuli, jambo ambalo sisi tulikuwa tunalipiga picha na kulifurahia.

Tone alipimwa akaonekana hana lukemia. Alikuwa na viroboto na minyoo, ambavyo ni vya kawaida kwa mtoto wa paka na vinatibika. Chanjo alikuwa amepata ya kwanza tu. Watoto wa paka huanza wakiwa na wiki 6 hadi 8 na kurudia kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka wafike wiki 16 au zaidi, kwa hiyo kinga yake haikuwa imekamilika. Sharubu alikuwa na chanjo zake. Tulikuwa na bahati tu.

Kuanza upya

Mdogo wangu alilia. Alidhani tutamrudisha Tone alikotoka, na sitaficha kwamba Mama alilitaja hilo, kwa upole. Tukakubaliana kuanza upya kana kwamba Tone hajawahi kuingia. Alihamishiwa chumbani kwa mdogo wangu, mlango ukafungwa, na huko akawekewa kila kitu chake: bakuli la chakula, maji, beseni la mchanga, sanduku la kujifichia, fimbo yenye uzi na unyoya. Asiye na chumba cha ziada anaweza kutumia kizimba kikubwa kilichofunikwa shuka upande mmoja. La msingi ni kwamba mgeni ndiye anayepewa mipaka, na mwenyeji anarudishiwa nyumba yake yote.

Tuliongeza beseni la pili la mchanga upande wa Sharubu, mbali na lile la bafuni. Kanuni ya madaktari ni idadi ya paka kuongeza moja, kwa hiyo paka wawili mabeseni matatu, na yasipangwe pamoja, kwa sababu mabeseni matatu yaliyobanana kona moja ni beseni moja machoni pa paka anayeogopa korido. Sikuufua mto tena. Nilisugua kitambaa laini mashavuni mwa Sharubu nikapangusia kiti.

Siku ya nne alishuka kabatini mchana. Siku ya sita mkojo ulirudi kuwa wa kawaida, mabonge mawili makubwa ya mchanga ulioganda kwa mkojo kila siku. Nakumbuka nilisimama na kijiko mkononi nikiyatazama kwa furaha.

Harufu ndiyo tuliyoitanguliza. Kitambaa kilichosuguliwa mashavuni mwa Tone tulikiweka hatua moja kutoka bakuli la Sharubu. Si chini ya bakuli, maana hapo ni kumlazimisha achague kati ya njaa na hofu. Alikinusa, akaacha mdomo wazi kidogo kama mtu aliyesahau neno. Hivyo ndivyo paka wanavyoipeleka harufu kwenye kiungo maalumu kilicho juu ya kaakaa. Kisha akakifokea kitambaa! Tulikiondoa, tukakirudisha kesho yake, mbali zaidi. Baada ya siku tano alikipita bila kukitazama. Kupuuza ni hatua kubwa. Watu husubiri upendo na kuidharau.

Halafu tukaanza kuwalisha pande mbili za mlango uliofungwa. Tulianza na mita mbili kila upande, tukisogeza bakuli kwa upana wa kiganja kila baada ya mlo uliokwenda vizuri. Hapa tulikosea tena. Mlo wa tatu ulikwenda vizuri mno, nikaruka hatua, nikaweka bakuli mlangoni kabisa. Tone akapitisha kiguu chake chini ya mlango. Sharubu aliacha nusu ya chakula akaondoka. Ilitugharimu siku nne kurudi pale tulipokuwa. Paka aliyegoma kula si wa kupuuzwa hata kidogo, kwa sababu akikaa siku mbili tatu bila chakula, hasa akiwa mnene, ini lake linaweza kujaa mafuta na kushindwa kazi. Tangu hapo kipimo chetu kikawa bakuli. Akimaliza, tunasogea. Akibakiza, tunarudi nyuma bila kumlaumu.

Karantini ilipokwisha tuliwabadilishia vyumba saa moja kwa siku, kila mmoja anuse alikoishi mwenzake bila kumkuta. Kisha tukafunga wavu wa waya kwenye fremu ya mlango wa chumba cha mdogo wangu, nusu yake imefunikwa shuka, ili waweze kuonana na pia kuacha kuonana. Ile shuka ilifanya kazi kuliko wavu. Sharubu alikuwa anakaa nyuma yake na kuchungulia kwa jicho moja.

Ana kwa ana

Siku ya 25 tulifungua. Tone alikuwa amechezeshwa nusu saa mpaka akahema, kisha akalishwa. Mtoto wa paka aliyeshiba na kuchoka ni kiumbe tofauti na yule aliyetoka usingizini. Sharubu alikuwa na njia mbili za kuondoka na kabati lake la kupanda. Dakika tano, basi.

Alifoka mara mbili. Mama alitaka kumkemea na mdogo wangu akamzuia. Kufoka ni neno, na neno hilo linasema "usinisogelee zaidi." Paka anayeadhibiwa kwa kufoka hujifunza kuacha kuonya, na pia hujifunza kwamba mgeni akitokea, yeye hupata adhabu. Tone alisikia, akasimama, akakaa. Alijua. Wiki ya pili hadi ya saba ya maisha ndiyo ambayo mtoto wa paka anajifunza zaidi jinsi ya kuishi na wengine, na yeye aliipitisha pamoja na mama yake na ndugu zake. Shida yake wiki ile ya kwanza haikuwa utovu wa adabu; tulimweka mahali ambapo mkubwa hakuwa na nafasi ya kumwambia kitu.

Mkutano wa nne ulinitoa jasho. Tone aliurukia mkia wa Sharubu. Sharubu aligeuka kama umeme, akaweka mguu wa mbele juu ya kichwa cha Tone, akamgandamiza sakafuni. Nilikuwa nimeshanyanyuka. "Dada, muache kwanza," mdogo wangu alininong'oneza akinishika mkono. "Angalia kucha." Kucha zilikuwa ndani. Tone alinyamaza chini ya ule mguu kama sekunde tatu, Sharubu akauondoa, akaenda zake. Tone alijikung'uta akamfuata kwa mbali. Hilo lilikuwa somo, na lilikuwa somo zuri. Tungeona kucha nje, manyoya yamesimama, mkubwa anamfukuza mdogo hata baada ya mdogo kukimbia, au mdogo anajificha na kugoma kutoka, tungewatenganisha kwa kuingiza kipande kikubwa cha kadibodi katikati. Mkono hauingizwi kamwe, kwa sababu paka aliyepandwa na hasira humuuma hata anayempenda.

Wiki ya sita walikuwa pamoja mchana kutwa tukiwapo. Wiki ya tisa tuliwaacha peke yao kwa mara ya kwanza, kwa saa moja, na nilirudi nikiwa nimehesabu kila dakika.

Yaliyobaki

Kama ningeulizwa leo, ningeshauri tofauti. Dume mtulivu wa miaka 6, aliyezoea kuwa peke yake, angefaa zaidi kupata mwenzake mzima na mpole, au asipate kabisa. Wapo paka wanaotaka kuwa peke yao, na hilo si kasoro. Na mtu akiazimia kuleta mtoto wa paka kwenye nyumba yenye paka mkubwa, mara nyingine wawili ni afadhali kuliko mmoja, kwa sababu hurukiana wao kwa wao na kumwachia mkubwa mkia wake. Vile vifaa vinavyopuliza harufu ya kutuliza paka hatukuvitumia. Matokeo ya tafiti juu yake yanapingana, na fedha yetu tuliona iende kwenye mabeseni. Tone alifungwa kizazi kabla hajafikisha miezi mitano, maana joto la kwanza, yaani kipindi cha jike kutaka dume, linaweza kuwahi mapema, na kelele zake zingemvuruga Sharubu upya.

Sasa ni mwezi wa nne. Hawalali pamoja wala hawalambani. Asubuhi hukaa dirishani wote wawili na kati yao hupita upana wa shubiri moja. Naendelea kutazama mabonge kwenye mchanga kila siku, kwa sababu kibofu kilichowahi kuvimba kinaweza kuvimba tena.

Juzi nilikuwa bafuni mlango wazi. Tone, ambaye sasa amerefuka miguu, alikuwa amejilaza korido katikati, palepale. Sharubu akatokea mwisho wa korido. Alisimama. Tone akamtazama, akafumba macho taratibu, akayafumbua, akageuza kichwa pembeni. Sharubu akauinua mguu, akamvuka, akaingia bafuni, akaanza kuchimba mchanga.